Ndoo ya Mwenyekiti Nkwabi

"Huyu mama ananiibia vijana kwa dagaa."

Ndivyo Nkwabi alivyomlalamikia mzee wa kanisa, Mzee Yeremia, mbele ya Dorotea mwenyewe, Jumapili ibada imekwisha na watu bado wanapeana mikono mlangoni. Dorotea hakuinua hata sauti. Alimuuliza dagaa wa kuibia mtu mzima wa kidato cha tatu wanauzwa wapi, ili na yeye akanunue.

Nkwabi ni mwenyekiti wa vijana wa kanisa letu hapa Ilemela. Ana miaka arobaini na tatu, kipara kimeshafika kisogoni, binti yake mkubwa ameolewa, na bado ni kijana. Siku za kazi huuza viatu vya mitumba stendi ya Buzuruga. Jumamosi hunyoosha maadili ya watoto wa wenzake. Ni mtu safi, hilo simnyimi. Hanywi, hadanganyi, hachelewi. Ila anaamini likizo ya mwezi wa sita iliwekwa kwa makosa, na yeye ndiye aliyetumwa kuirekebisha.

Ratiba yake ilianza saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, somo "Kijana na Matumizi ya Muda". Daftari lazima. Chai hakuna, maana chai inaleta maongezi. Jumamosi ya kwanza walikuja arobaini. Ya pili, kumi na wawili. Ya tatu walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa Precious, katibu, anayeshika orodha ya mahudhurio, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Wengine wote ulikuwa unawasikia chini mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, wamezunguka vichanja vya Dorotea wanageuza dagaa na kuimba mapambio kwa sauti nne. Kicheko chao kilipanda mlima mpaka madirishani kwa Nkwabi.

Basi Mzee Yeremia alisikiliza lalamiko lile, akajikuna shingo, akasema Jumamosi ya mwisho ya likizo atakuja mwenyewe kuangalia. Akikuta mabenchi matupu, uenyekiti atapewa kijana aliye kijana. Nkwabi aliondoka uso umemwiva. Cheo kile amekishika miaka kumi na moja. Ukimvua, kinachobaki ni viatu, tena vya watu wengine.

Jumamosi iliyofuata akateremka mwaloni asubuhi na mapema kuwarudisha. Wakamwamkia shikamoo wote kwa pamoja, jambo ambalo kijana mwenzao hakulifurahia. Akawauliza wanafuata nini kule kwenye harufu. Wakainamisha vichwa. Aliyejibu ni Dorotea, mikono haijaacha dagaa.

"Hawafuati kitu kwangu, baba. Wanakimbia kokoto zako."

Nkwabi alikuwa ameweka sheria. Majina yanaitwa saa mbili na nusu, na asiyeitika anadaiwa ndoo moja ya kokoto za ujenzi wa kanisa, apasue mwenyewe kwa nyundo. Mawe hapa kwetu Mwanza si shida. Shida ni mkono. Sasa aliyekosa mara moja akirudi atadaiwa mbele za watu, basi harudi. Asiporudi, ndoo ya pili. Hata kuku angeona safari hiyo inaishia wapi. Nkwabi yeye aliona uasi.

Alibishana na Dorotea mpaka jua likawa kali. Alikaribishwa sato wa kuchoma, akamla huku anakemea, akanyonya na kichwa. Aliporudi juu ilikuwa saa tano. Precious alikuwa ameshaita majina yote, na la kwanza kwenye orodha ni la mwenyekiti.

"Nilikuwa kwenye kazi ya Bwana," Nkwabi akasema.

"Sheria haijasema hivyo, mwenyekiti. Uliiandika wewe, ukapiga na mhuri."

Jioni mwalo mzima ulikuwa unajua. Angeweza kuifuta sheria siku ileile, lakini watu wa namna yake bora wavunjike mkono. Jumamosi ya mwisho aliketi nyuma ya kanisa na nyundo ya kuazima, amevaa shati la mikono mirefu na tai. Vijana wakapanda mlima wawili wawili, wakafika wote arobaini, wakatoa mabenchi nje wapate kuona vizuri. Dorotea naye alikuja na kigoda chake. Nkwabi alipojigonga kidole gumba mara ya kwanza, walicheka. Mara ya tatu hawakucheka sana. Alitaka kufundisha huku anapasua. Precious akamwambia ajaze kwanza.

Mzee Yeremia alipofika alikuta mabenchi yamejaa, ingawa yameipa madhabahu kisogo. Akauliza somo la leo ni lipi. Suzana wa kwaya akamjibu ni matumizi ya muda. Mzee akaketi, naye akatazama, na habari ya uenyekiti hajaigusa mpaka leo.

Saa sita ndoo ikajaa. Viganja vya Nkwabi vilikuwa vimetoka malengelenge. Akamuuliza Precious wengine wanadaiwa ndoo ngapi kwa jumla.

"Mia moja na mbili."

Nkwabi akaiangalia ndoo yake moja, kisha viganja vyake.

"Zifute."

"Na yako?"

"Yangu usifute," akasema. "Andika imelipwa."