Nyaya Mbili, Swichi Moja

Nilichomeka nyaya zote mbili za seva kwenye swichi moja ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta, eti kwa sababu swichi ya pili ilikuwa nyuma ya kabati lenye vumbi na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe. Huo ndio ujinga wenyewe, nimekiri.

Ilikuwa siku ya wazazi, nikiwa kidato cha pili. Mama alikuwa ameacha kuchuma chai Gesima ili aje anione, na majirani wote alikuwa amewatangazia. Sasa niko kidato cha nne na swichi zile zimeshabadilishwa, lakini bado nakumbuka vitaa vyake vya kijani vilivyokuwa vikitukonyeza kutwa nzima.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa ametufundisha kuipa seva kadi mbili za mtandao, kila kadi na waya wake, kila waya na swichi yake. Swichi moja ikifa, nyingine inabeba kazi. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwaonyesha wazazi, kwa picha za shule zilizotoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta zote.

"Wazazi wetu, tazameni," nikasema kwa madaha. "Nazima swichi hii, na picha hazitapotea!"

Nikazima. Picha zikapotea kwenye kila kompyuta. Rafiki yangu akapiga makofi peke yake kule nyuma: "Haya mganga, sasa zirudishe!"

Mama hakucheka. Alingoja mpaka tukafika langoni, nikamweleza nilivyokosea, ndipo akasema: "Baba yako naye alimfunga ng'ombe kwa kamba mbili kwenye kigingi kimoja. Yule ng'ombe tulimpata mbali kule Nyaramba."