Siku ya Uzi wa Buluu

Kwangu hakuna kitu kilichokwisha. Mwenye nyumba wangu, mama wa makamo anayeishi upande wa mbele wa kiwanja chetu hapa Kamenge, huwaonyesha wageni wake dirisha langu kama watu wengine wanavyoonyesha ziwa. Dirisha lina pazia upande mmoja tu. Upande wa pili ningeushona wiki ileile, lakini wiki ileile niliona mto wa kiti ulioshonwa kwa pembetatu za vitenge, nikataka kujua pembe zile zinakutanaje bila kuacha tundu katikati. Pazia likasubiri. Bado linasubiri.

Binti yake alipojifungua niliahidi blanketi dogo la viraka, maana kwetu huendi kumhemba mzazi, kumpongeza kwa kujifungua, mikono mitupu. Mtoto sasa anatembea. Asubuhi moja alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, akasimama, akanitazama, na bibi yake akapaza sauti kutoka jikoni: "Amekuja kuchukua blanketi yake! Umuhurumie, ataoa bila kujifunika."

Mimi si fundi cherehani. Fundi ana wateja, mimi nina watu ninaowaudhi. Shule niliiacha mapema, si kwa sababu ilinishinda, ila kwa sababu nje ya dirisha kulikuwa na watu wanachimba mtaro na nilitaka kuona bomba linapita wapi. Tangu hapo nimeosha magari, nimebeba matofali, nimeuza vocha za simu, nimesindikiza malori ya unga, na kila mahali niliondoka siku niliyoelewa kazi inavyokwenda. Ushonaji ulinikamata Buyenzi, nilipokaa kivulini kwenye baraza la fundi mmoja mzee nikisubiri mvua ipite. Nilimuuliza uzi wa chini unamkutaje uzi wa juu. Akanifungulia tumbo la cherehani, akanionyesha. Mvua ilipita, mimi sikuondoka. Mpaka leo sijaelewa vizuri, na nadhani ndiyo sababu sijaacha.

Sasa nina cherehani ya mkono, ya zamani, ambayo haijali umeme ukikatika. Ina ugonjwa mmoja: haipendi kubadilishiwa uzi. Ukiutoa mweusi ukatia mweupe, inakata, inarukaruka, inakunja kitambaa, mpaka uiombe radhi. Kwa hiyo nilijitengenezea utaratibu wangu. Sishoni kazi moja mpaka iishe. Nashona rangi. Nikitia uzi mwekundu, kila kitu ndani ya nyumba kinachotaka uzi mwekundu kinapita chini ya sindano siku hiyo: blanketi la mtoto, aproni ya mchoma mishikaki wa njia panda, pazia, vyote. Kesho naweza kutia mweupe, nikaanza tena mzunguko. Nilijivunia sana utaratibu huo. Nilimweleza mwenye nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo maana vyote vinaoza pamoja."

Halafu shangazi yangu alikuja kutoka Mutakura na mfuko wa mashati.

Mume wake, niliyemwita mjomba, alikuwa amefariki, na familia ilikuwa imepanga siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa matanga rasmi, watu wanywe, waseme, mjane aambiwe sasa arudi kwenye maisha. Shangazi alikaa kwenye kiti changu pekee, akaweka mfuko magotini.

"Mutoto wa kaka yangu," akasema, "mi nataka blanketi. Shimizi zake zote zikatwe, ziungwe. Siku ile watu wakisema nitoke mu kilio, nitoke nikiwa nimejifunika yeye."

"Nitashona, shangazi."

"Utamaliza?"

Akatazama dirisha langu.

"Nitamaliza."

Alitoa shati moja, jeupe lenye mistari ya buluu, lenye mfuko mkubwa kifuani. Nililijua. Mjomba alilivaa kanisani miaka yote. Katika mfuko ule aliweka pipi za mnanaa, na katikati ya mahubiri shangazi, macho yakiwa mbele, uso wa malaika, alikuwa anapenyeza vidole mfukoni mwa mumewe na kuchomoa moja. Karatasi ya pipi ina kelele. Kila ilipoanza kulia, mjomba alikohoa. Alikohoa vizuri, kwa kifua chote, hata mchungaji alimwombea mapafu hadharani.

"Hii mufuko," shangazi akasema, "utaiweka katikati. Na isifungwe. Mukono wangu ungie. Ukinikosea hii mufuko, hiyo blanketi usilete, tandikia mbuzi."

Niliapa. Nikaukata mfuko ule siku ileile pamoja na kipande cha shati lililo nyuma yake, kiraka kizuri cha mraba. Nikakiweka juu ya meza, mahali salama, pamoja na vitu vyote vilivyokuwa vinasubiri siku ya uzi wa buluu.

Msomaji mwenye akili ameshaona shimo. Mimi nililiona Alhamisi, sherehe ikiwa Jumamosi.

Blanketi lilikuwa karibu tayari. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kitu changu kilikuwa karibu tayari, na nilikuwa nazunguka nacho chumbani kama mtu aliyezaa mapacha. Kilichobaki ni pindo la upande mmoja, na katikati, palipoachwa wazi, mfuko. Nikanyoosha mkono juu ya meza. Hakuna. Nikainua pazia, nikainua aproni, nikamwaga gunia la vipande. Nikatazama ndani ya sufuria. Mwenye nyumba alikuja kusimama mlangoni kwa sababu ya kelele.

"Unatafuta nini?"

"Mjomba."

"Siye alikufa?"

"Mfuko wake. Kiraka cheupe, mistari ya buluu."

Mama yule akafikiri, kidole mdomoni. "Kama mistari ya buluu," akasema taratibu, "mi niliiona inapita hapa barabarani. Iko mu taksi."

Nikakaa chini. Siku ya uzi wa buluu nilikuwa nashona pia vifuniko vya viti kwa jirani yetu, dereva wa taksi, viraka vitupu, buluu na nyeupe. Nilishona haraka, nikifurahia jinsi mashine inavyokwenda. Mjomba alipita chini ya sindano pamoja na wengine. Kwa muda wote huo mjomba wangu alikuwa anazunguka Bujumbura akiwa ameegemewa na dereva, na shangazi yangu, kwa kadiri nijuavyo, huenda alishapanda.

Bahati moja tu: hapakuwa na esansi. Dereva asiye na esansi ni mtu rahisi kupatikana. Alikuwa amekwenda kupanga foleni kwenye kituo cha mafuta upande wa chini, na foleni ya siku hizo ilikuwa haiendi, ilikuwa inakaa. Nilichukua sindano, mkasi, uzi, nikatembea kando ya magari. Watu walikuwa wametandika mikeka kati ya bampa na bampa, mmoja ananyolewa, mama mmoja amefungua biashara ya chai. Sikuhitaji kuuliza. Taksi yake niliiona kwa mbali, viraka vyangu vinang'aa kwenye kioo. Nikaona pia kwamba nilipinda mshono mmoja, nikaona haya mbele za watu.

Dereva alikuwa amejilaza kwenye kiti chake, mlango wazi, anakula karanga. Alikuwa anazitoa moja moja mfukoni. Mfuko wa mjomba, uliokaa vizuri kabisa ubavuni mwa kiti, karibu na mkono wake.

"Fundi!" akasema. "We ni mutu wa maana. Kila mutu anayepanda anauliza juu ya hii mufuko. Ginsi gani ulifikiria?"

"Sikufikiria," nikasema. "Ni ya marehemu."

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akatafuna, akatikisa kichwa.

"Pole sana. Lakini apana."

"Apana nini? Ni mfuko wa mjomba wangu!"

"Na karanga ni za nani? Mi mutu wa foleni, kaka. Nitaweka wapi? We mwenyewe ulinipa. Mutu anapewa, halafu ananyang'anywa? Chukua kiraka ingine, chukua hata kiti. Mufuko iko kazini."

Dereva wa gari la nyuma, mwenye kofia ya kufuma, akaja kusikiliza. Wa mbele naye akaja. Foleni isiyokwenda hukosa maneno, na sisi tulikuwa tumeleta maneno.

"Mupe, muzee," akasema wa mbele. "Marehemu atakuja kudai mwenyewe."

"Aje," akasema dereva wangu. "Apange foleni kama wengine."

Walicheka mpaka mwuza chai akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona shangazi akinyoosha vidole katikati ya blanketi, mbele ya wakwe zake wote, na vidole vikigonga kitambaa. Nikatazama chini, nikaona shati langu. Lilikuwa ndilo shati langu zuri, la kijani, nililokuwa nimelifua kwa ajili ya Jumamosi, na lilikuwa na mfuko kifuani.

"Nikikupa hii?"

Dereva akaugusa, akaupima kwa vidole, akaingiza ngumi.

"Ni mudogo."

"Ni mfuko wa shati, si gunia!"

"Haya. Lakini ushone sasa hivi. Nakujua. Ukiondoka nao, nitakaa na tundu mpaka mujukuu wa mama mwenye nyumba aoe."

Kwa hiyo nilipiga magoti katikati ya mlango wa taksi, nikaanza kufumua mjomba kwenye kiti. Kufumua mshono wa mashine si kazi ya kuharakisha, unakata uzi mmoja, unaacha miwili, unavuta. Nilipofika nusu, mbele kabisa pakapigwa kelele: lori la esansi limefika. Injini chache zikaunguruma, na wengi waliokuwa na tangi kavu wakashuka kusukuma. Dereva wangu naye akashuka, bega kwenye nguzo ya mlango.

"Usitoke!" akaniambia. "Ukitoka hao wa nyuma watapita. Shika usukani!"

"Nimeshika mkasi!"

"Shika vyote!"

Basi nikaingia, nikaendesha gari. Mkono mmoja usukani, mwingine unafumua, sindano nimeiuma kwa meno, gari linasukumwa hatua chache na kusimama, linasukumwa na kusimama. Kila liliposimama nilivuta uzi. Mwenye kofia ya kufuma akapiga kelele kwamba mtu asiye dereva yuko ndani, anaiba redio. Mwuza chai akanitetea: "Apana, anaiba mufuko!" Mfuko wa mjomba ulipotoka nikautia mdomoni pamoja na sindano, kwa sababu nilikuwa nimebaki na mahali hapo tu, nikavua shati langu, nikakata mfuko wangu, nikaanza kuushona kwa mkono, kifua wazi, mbele ya nusu ya mji. Tulipofika pampuni nilikuwa nafunga fundo la mwisho. Aliyekuwa anajaza mafuta alinitazama kwa muda mrefu.

"Tangi kamili?" akauliza.

"Kamili," nikajibu, na safari hii ilikuwa kweli.

Jumamosi nilikwenda Mutakura na blanketi begani na tundu la mraba kifuani. Pindo la upande mmoja nililibana kwa pini, sikujali. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa, kinywaji kimegawiwa, wanawake katika imvutano zao nzuri, mavazi ya sherehe. Msemaji wa familia alikuwa amesimama na kipaza sauti, na kwetu msemaji akisimama, kaa vizuri. Alianza na babu wa marehemu. Kabla hajafika kwa baba, shangazi alinyoosha mikono, nikampa.

Alilifungua polepole magotini. Akapitisha kiganja juu ya mashati, moja moja, kama anayesalimia watu. Alipofika katikati akasimama. Kisha akaingiza vidole.

Mfuko haukuwa umefungwa. Vidole viliingia mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika, kisha ukabadilika tena. Akachomoa karanga moja, na maganda.

Nilitamani ardhi ya Mutakura ipasuke. Nilikuwa nimeukagua ule mfuko kila mshono, upande wa nje. Shangazi aliitazama karanga ile, akainamisha kichwa kwangu, akanong'ona.

"Mi nilimuambia miaka yote aache pipi, zinamumaliza meno, akule karanga. Sasa ndiyo anasikia?"

"Shangazi, ile ni ya..."

"Nyamaza. Usinambie ni ya nani."

Akaila. Akatafuna taratibu huku machozi yanashuka na mabega yanatikisika, na wakwe waliokuwa pembeni wakainamisha vichwa kwa heshima, wakijua ni kilio. Mimi niliyekaa karibu nilijua ni kicheko, au nilijua ni vyote viwili. Alipojipangusa, pini yangu ikamchoma kidole. Akanitazama.

"Pindo hii?"

"Inataka uzi mweupe," nikasema. "Nimetia mweusi."

Alifungua mkoba wake, akatoa pipi za mnanaa ngumi nzima, akazimimina ndani ya mfuko wa mjomba. Akalikunjua blanketi, akajifunika kifuani, akainua uso kwa msemaji, ambaye sasa alikuwa amefika utotoni mwa marehemu na hakuonyesha dalili ya kuchoka. Shangazi alimsikiliza kwa uso wa malaika. Mkono wake ukapenya chini, macho mbele.

Karatasi ya pipi ikaanza kulia.

Nikakohoa. Nilikohoa kwa kifua chote, kupitia lile tundu la shati, mpaka mmoja wa wakwe akaniletea Fanta.

"Tena," akanong'ona shangazi, midomo haisogei. "Hii ingine imegandamana."

Nikakohoa tena.