Karatasi Isiyo na Dawa

Siku ya tatu baada ya mama kukatwa mguu, nilifungua sahani ya maabara nikakuta karatasi isiyo na dawa imeua bakteria.

Sikulia. Nilichukua rula nikapima.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni fundi wa maabara. Napima mafuta ya mimea ya dawa: yana kemikali gani, yanaua vijidudu gani. Mama yeye hutoa mafuta ya mvumbasi kwa mvuke, jikoni kwake, kwa sufuria na bomba la shaba. Ana sukari, na alikuwa na kidonda kisiginoni.

Siku moja akanipa chupa. "Si umesomea wewe? Haya, nipimie."

Mashine ikaonyesha yujenoli tele, ile inayonukia kwenye karafuu, na kafuri kidogo. Safi kabisa. Ikabaki kujua kama yanaua.

Mafuta na maji hayapatani, kwa hiyo niliyachanganya na spiriti. Nikachovya kiduara cha karatasi, nikakiweka kwenye sahani yenye bakteria.

Sheria ni kuweka na karatasi ya pili, yenye spiriti tupu, ijulikane kama kilichoua ni mafuta au ni spiriti. Tunaiita shahidi. Msimamizi wetu anaihubiri kila asubuhi, mpaka tukambandika jina: Mama Shahidi.

Siku hiyo sikuiweka.

Mafuta ya mama yangu mzazi, bwana. Shahidi wa nini?

Kesho yake bakteria walikuwa wamekufa, duara zima kuizunguka karatasi. Nikampigia simu palepale.

"Mama, mafuta yako ni moto wa kuotea mbali!"

Alicheka mpaka akakohoa. Vidonge vya hospitali akavifungia kabatini, kidonda akawa anakipaka mafuta yake tu, kila anayeuliza anajibiwa, "Mwanangu kapima, mnataka nini tena?" Mimi nilijua kuwa ameacha vidonge. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa najisikia fahari.

Wiki sita tu, mguu ukaenda.

Ndipo Mama Shahidi akadai nirudie kipimo kwa ajili ya ripoti. Safari hii nikaweka shahidi. Spiriti peke yake ilikuwa imeua karibu sawa na mafuta. Nikarudia tena, nikaziacha karatasi zikauke kwanza, spiriti yote iruke. Duara la mafuta likabaki jembamba kama uzi.

Nikaenda wodini. Mama alikuwa anatazama shuka pale lilipolala bapa.

"Mwanangu, labda niliyachemsha vibaya."

"Hapana, mama. Nilipima vibaya mimi."

Nikamweleza yote, kwa sauti ileile ninayosomea ripoti. Nilitamani anitukane, labda ningesikia kitu. Ndani yangu palikuwa kimya.

Akanishika mkono.

"Yule fundi cherehani jirani yangu, mwenye sukari kama mimi. Nilimpa chupa mbili. Nikamwambia umepima wewe."

"Mama..."

"Usikae hapa kunililia. Nenda. Yeye bado ana miwili."

Nilimkuta anakanyaga cherehani, kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa. Kitambaa kilinukia karafuu. Aliponiona akafurahi kweli.

"Daktari wetu huyo! Karibu, mwanangu!"

Nikakaa chini, nikaanza kusema.

Ndugu yangu unayesoma hapa, ukiambiwa dawa fulani imepimwa, uliza kama shahidi alikuwepo. Na mpimaji akiwa mtoto wako, uliza mara mbili.