Mimba yenye nilitangaza pekee yangu

Sifichi: mu hii kisa minye njo mujinga.

Bibi yangu Bea alitaka kuingia mu robe, nguo ya kuvaa ku ndoa ya dada yake. Akaacha bukari, ugali yetu ya kila siku, akabakia na chai na tomate, kila asubuyi anakimbia mpaka ku njia ya Kambove. Mwezi yake ikasimama. Tangu tuoane tunangojea mutoto, basi minye na akili yangu ya mbio nikasema: mimba! Bea aliniambia, "Ngoja kwanza." Ngoja gani? Nikaambia kartiye nzima, majirani bote. Mama yake akatoka Kapolowe na bitenge bya kubebea mutoto.

Tukaenda na mama yake ku lopitali; muganga akamupima Bea, akaniangalia.

"Papa, mutoto hakuna. Mwili ikikonda sana, mafuta haitumi tena habari ku bongo. Bongo inazani njala imeingia mu inchi, inasimamisha mambo ya kuzaa. Akule muzuri, itarudia."

Bea akacheka mpaka akashika ukuta. Minye nikaangalia biatu byangu.

Mama-mukwe akanigusa ku bega, pole pole:

"Bukwe, batu banapika kwanza, njo banaita mugeni. Weye umeita mugeni, na moto haujawaka."