Gunzi Kooni mwa Mbuzi

Pale Kakuma, ole wako Nakaale akuone ukitupa gunzi la mahindi! "Umeshiba nini wewe, mpaka unatupa moto?" Magunzi huyaokota kwa wachoma mahindi, akayaanika, akampelekea Ruqiyo, Msomali wa kambi ya wakimbizi, anayeyatumia kupikia mikate ya anjera. Jerikeni la Nakaale mwenyewe huzibwa kwa gunzi. Sufuria husuguliwa kwa gunzi. Hata gaga la miguu, kabla ya kwenda kanisani, gunzi hilo hilo.

Mengine humtwangia mbuzi wake, mmoja tu aliyeachwa na ukame. Maziwa yake ndiyo yanayomlea Lokiru, mjukuu aliyefiwa na mama angali ananyonya. Lakini lazima magunzi yatwangwe kwanza, yasimkwame.

Asubuhi moja alishusha gunia uani kwa Ruqiyo, mbuzi akimfuata nyuma, porojo zikanoga. Gunia halikufungwa. Mbuzi akajihudumia.

Walishtuliwa na kikohozi. Mbuzi alikuwa amenyoosha shingo, mate yanachuruzika, na kooni uvimbe umesimama. Punde tumbo likaanza kujaa gesi.

Samatar, mchinjaji wa jirani, alikuja mbio, kisu mkononi.

"Mama, niruhusu nimchinje. Akijifia ni mzoga, hakuna atakayenunua nyama."

"Ondoka hapa na kisu chako!"

"Mama, anakufa!"

Kweli, alikuwa anakufa. Miguu ilishalegea, akaanguka. Nakaale aliogopa vibaya sana. Akikataa kisu na mbuzi afe, amekosa nyama na maziwa. Akikubali, jioni Lokiru atalia, na atampa nini? Maji?

"Ruqiyo, lete mafuta!"

Akajipaka vidole. Akachomoa gunzi nene kutoka kwenye gunia, akalibana kati ya magego ya mbuzi ili asimng'ate.

"Samatar, weka hicho kisu chini, shika kichwa. Ruqiyo, sukuma uvimbe juu. Polepole, dada!"

Akatia vidole kooni. Akagusa kitu kigumu, kikateleza. Akagusa tena, kikateleza tena. Mbuzi akaacha kupiga mateke.

"Wallahi, ameenda," Samatar akanong'ona, mkono ukitafuta kisu.

"Bado!" Nakaale akapaza sauti. "Ruqiyo, sukuma!"

Safari hii vidole vikanasa, akavuta. Kipande cha gunzi kikatoka na povu, na nyuma yake pumzi ndefu yenye harufu mbaya. Hakuna aliyeziba pua. Ruqiyo alimkumbatia Nakaale, wote wawili wakalia.

Kisha hasira zikampanda Nakaale. Akakirusha kile kipande mbali, kwa nguvu zake zote. Samatar akabaki mdomo wazi: Nakaale ametupa gunzi!

Mbuzi akajikongoja, akasimama, akajitikisa. Akaenda moja kwa moja kukifuata.

"Wewe mbuzi wewe!"

Nakaale alikimbia, kandambili moja ikabaki mchangani, akakiwahi nukta moja kabla ya mbuzi. Akakitia motoni chini ya kikaango cha Ruqiyo, akasimama hapo kukilinda mpaka kikawa majivu.