Chumba cha Tereza kwa Mkwewe

Mwaka 1996 Tereza aliondoka kijijini kwake Bahi, akahamia Dodoma mjini kwa mkwewe Gerson. Alikwenda kwa sababu ya mguu.

Kisukari kilikuwa kimeua hisia za unyayo wake. Alichomwa na mwiba, akatembea nao siku nne bila kujua. Kidonda kikamla miezi minane, daktari akaanza kutaja kukata. Ndipo Mwanasha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipoomba wajaribu mashine kwanza: kisanduku chenye nyaya na vibandiko viwili vya kubandika kwenye shavu la mguu. Umeme ukipita, misuli hucheza yenyewe na kusukuma damu.

"Sikuahidi kitu, mama," alimwambia. "Wengine huwasaidia, wengine hapana. Asubuhi na jioni, usikose."

Kijijini hakukuwa na umeme. Kwa binti yake Lea, mke wa Gerson, ulikuwepo.

Lakini Tereza alilelewa kwamba mama hakai chumba kimoja na mkwe, wala hamtazami usoni. Nyumba ilikuwa ndogo, choo kilikuwa uani, na njia ilipita sebuleni. Basi alijifungia chumbani, akisikiliza: kikohozi cha Gerson, kijiko kwenye kikombe, kisha baiskeli ikitolewa kwenda ofisini. Hapo ndipo alipotoka. Jumapili Gerson alishinda nyumbani, kwa hiyo Jumapili Tereza hakunywa chai.

Wiki ya sita Lea alikwenda kujifungua, akapasuliwa, akalazwa. Lea ndiye aliyekuwa akimbandikia vibandiko; sasa Tereza alibandika mwenyewe kwa kupapasa, maana macho nayo yalikuwa yamefifia. Misuli haikucheza.

"Shikamoo, mama," Gerson alisema nyuma ya mlango. "Mashine inafanya kazi?"

"Marahaba. Haichezi. Nyaya zinanishinda."

"Niingie nikusaidie?"

"Hapana, baba. Hapana."

Siku ya tatu bandeji ilianza kunuka. Tereza alijifunika kanga kichwani mpaka kidevuni, akaita, "Gerson! Njoo." Hakuwa amewahi kulitamka jina lile.

Gerson aliingia akitazama ukuta. Ilibidi mwishowe atazame mguu. Alifungua bandeji, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akabandika vibandiko. Shavu la mguu likaruka.

"Inauma, mama?"

Chini ya kanga Tereza alikuwa akilia kwa hasira. Siku nane walifanya hivyo, mpaka Lea aliporudi na mtoto.

Mwezi wa tano tangu ahamie mjini, kidonda kilifunga. Vidole viwili vilikuwa vimekatwa, mguu ukabaki. Mwanasha alikuja kuichukua mashine ampelekee mgonjwa mwingine.

"Sasa narudi lini Bahi?" Tereza aliuliza. "Mpunga wangu unalimwa na watu."

"Kwenye tope lile, mama? Mguu huu ukichomwa tena hautakwambia. Kaa hapa, karibu na kliniki."

"Mpaka lini?"

Mwanasha alikunja nyaya polepole, akaziweka kwenye mfuko.

"Basi nimekuwa wa humu ndani," alisema Tereza, akageukia ukutani.