Ndege Zetu na Mchi wa Mama

Enzi za Mwingereza, mwalimu wetu wa Mbwera, huku kwetu delta, alirudi kutoka mafunzoni na wazimu mpya: ndege za mti zisizo na injini. Tulizichonga kwa pongoo la mwale, ule uti mwepesi wa kuti lake, mbawa tukazivika karatasi kwa gundi ya uji wa muhogo, tukazirusha kwa uzi mrefu kama tiara. Uzi ukichomoka, ndege yaelea peke yake. Ilitakiwa ikae hewani muda mrefu, kisha itue juu ya mkeka katikati ya uwanja. Mshindi angekwenda Kibiti kushindana na shule za huko. Kibiti kulikuwa na magari, nami sikuwa nimewahi kuona gari. Nilitamani kuliona kuliko chakula.

Saa ya mwalimu ilikuwa imeingia maji ya chumvi, imekufa. Kwa kuwa nyumba yetu ilipakana na uwanja, akamwomba mama atwange mpunga ndege zikiruka, naye mwalimu ahesabu mapigo ya mchi badala ya dakika. Kijiji kizima kilijua mama hutwanga kwa mwendo mmoja, mchele wake hauvunjiki. Hata hivyo watu hawakosi la kusema: "Mwamba ngoma huvutia kwake." Mama alisikia. Mimi nilisikia pia, nikaomba iwe kweli.

Mwishoni tukabaki wawili, mimi na ndugu yangu wa baba mmoja. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na mama yangu, tukala sahani moja.

Tulirusha mara nyingi, mama akimtwangia kila mmoja mpunga wake mbali. Ndege yangu ikatua mkia ukiwa nje ya mkeka, mwalimu akasema, "Imetua." Hapo sikulalamika, haki ikikuangukia wewe, huioni kasoro yake. Ya ndugu yangu ilitua katikati kabisa, tukahesabiwa sawa. Ukabaki muda. Kwa macho yangu, ndege yangu ilikaa juu zaidi, lakini mapigo yake yalizidi. Wakambeba juu juu. Nililia kwa hasira, wala sioni haya kusema.

Jioni nilimkuta mama anapeta. Mchele uliotwangwa kwa ndege yangu ulikuwa mzima, punje kwa punje. Wa mwenzangu ulikuwa chenga tupu. Hata mtoto wa delta anajua chenga hutoka wapi: mchi umekimbizwa.

"Mama, umemharakishia!"

Hakukana. "Kamwambie mwalimu, yupo nyumbani kwake."

Nikasimama mlangoni. Gari langu lilikuwa ndani ya ungo ule.

"Nilichelea mkono wangu usije ukampunja bila mimi mwenyewe kujua," akasema, "nikapita kiasi. Wewe nimekupunja, mwanangu, na kesho utaniita mama vilevile. Mwenzio ningempunja, angeniitaje?"